Chora ukoo wenu kabla hujampeleka mgonjwa wa sikizofrenia kliniki

Kama kwenu kuna mtu anasikia sauti nyie wengine hamzisikii, au kaanza kuamini mama yake anamtilia sumu kwenye posho (ugali), hizo zinaweza kuwa dalili za sikizofrenia, ugonjwa wa akili. Usimpeleke kwa musawo (daktari) mikono mitupu. Chukua daftari na kalamu. Hii kitu mi nilichelewa kuifanya kwa mdogo wangu, tukazunguka miaka miwili kati ya walokole na kliniki moja ambako hakuna aliyetuuliza hata swali moja la ukoo.

Ukurasa wa kwanza ni ukoo. Mgonjwa muweke chini, ndugu zake pembeni, wazazi juu, juu yao majjajja (bibi na babu) wa pande zote mbili, alafu mashangazi na wajomba. Wanaume mraba, wanawake duara, aliyewahi kuugua akili unamjaza wino. Kuchora ni dakika kumi, kazi iko kwenye kuuliza, maana hakuna mzee atakwambia "fulani alikuwa na sikizofrenia". Sisi hapa Busia ya Uganda tulikuwa tunaambiwa shangazi alipandwa na mashetani, mwingine alirogwa na mke mwenza, mwingine alisoma sana akili ikaruka. Kwa hiyo usiulize jina la ugonjwa, uliza mambo yalivyokuwa: nani aliwahi kufungwa kamba? nani alikuwa anaongea peke yake? nani aliondoka nyumbani na nguo moja hakurudi? nani alijiua? Na alianza akiwa na umri gani, hiyo ni muhimu sana sababu huu ugonjwa kawaida huanza kati ya miaka ya mwisho ya shule na thelathini hivi. Enda na sukari na majani ya chai, kaa na jjajja mmoja mmoja, usiulize msibani wala mbele ya wakwe.

Ukishamaliza usiogope wino. Mtu yeyote tu ana nafasi kama 1 kwa 100 ya kupata sikizofrenia, mwenye kaka au dada mgonjwa inafika kama 10 kwa 100, yaani 90 hawapati. Hata mapacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua mwenzie anapata kama mara 33 hadi 50 kwa 100, na hao jeni zao, yaani vinasaba vya kurithi, ni moja! Jeni zinasukuma, haziamui peke yake. Usije ukavunja ndoa ya dada yako kwa sababu ya karatasi. Na hakuna jeni moja ya wazimu: utafiti mkubwa wa 2022 ulikuta sehemu 287 za jeni zinazohusika, kila moja inasukuma kidogo tu. Ndio maana hakuna kipimo cha damu cha kukwambia nani ataugua, akija mtu anakiuza mkatalie. Tena data nyingi zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, ndio sababu Chuo Kikuu cha Makerere hapa Uganda nao wakaingia kwenye NeuroGAP, utafiti wa jeni za magonjwa haya kwa Waafrika, pamoja na Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini.

Sasa moja ya hizo jeni ndo inatuleta ukurasa wa pili. Inaitwa C4, ni ya kinga ya mwili, kazi yake kuweka alama kwenye vitu vya kutupwa ili visafishwe. Mwaka 2016 watafiti Marekani walionyesha kwamba hiyo C4 inahusika pia kwenye ubongo, kwenye kupunguza viunganishi vya neva, na aina zake zinazofanya kazi kupita kiasi zinaongeza hatari. Kupunguza viunganishi ni kawaida kwa kila kijana, ila ukipunguza kama mtu anayepalilia shamba usiku, unang'oa na mahindi.

Kwa hiyo kwenye ukurasa wa pili andika kila mara ambayo kinga ya huyu mtu ilipigana vita kubwa, na mwaka wake. Mama aliumwa homa kali akiwa na mimba yake? (Muulize kwa upole, mwambie mapema kwamba hakuna anayemlaumu, kina mama wengi waliumwa hivyo na watoto wao wazima.) Utotoni alipata malaria ya kichwa, degedege, homa ya uti wa mgongo? Andika na vileo, hata kama sio vita ya kinga: bangi alianza lini, mairungi (miraa) je, waragi (pombe kali) je? Bangi usiifiche hata kama baba yupo chumbani, inaongeza hatari kweli hasa ikianza mapema ujanani.

Baadhi ya wagonjwa wakipimwa damu wanakutwa na inflamesheni, yaani mwili unawaka kidogo kidogo ndani, na CRP, kipimo cha damu cha huo uwakaji, kinapanda. Ila CRP inapanda hata kwa malaria au jino bovu, kwa hiyo sio kipimo cha sikizofrenia. Usikimbie duka la dawa kununua diclofenac (dawa ya maumivu). Aspirini na minocycline (antibiotiki) zimejaribiwa kama nyongeza, majibu yanapingana, na haziwezi kushika nafasi ya haloperidol, dawa yenyewe ya sikizofrenia.

Kuna moja haingoji daftari. Mtu alikuwa mzima, ndani ya siku au wiki chache kachanganyikiwa, ana homa, degedege, shingo imekaza, mdomo unajichezesha wenyewe au analala haamki vizuri: hospitali leo leo. Inaweza kuwa maambukizi ya ubongo, au kinga inayoushambulia ubongo wenyewe, na inatibika ikiwahiwa.

Kama sio hivyo, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa kama Mbale, au Butabika, hospitali ya taifa ya akili kule Kampala. Toa kurasa mbili, omba wapime HIV, kaswende, malaria na sukari, maana zote zinaweza kumvuruga mtu akili. Akipewa dawa alafu shingo ikajipinda au mwili ukakaza, rudi useme, kuna dawa ya hiyo, usimwachishe kimya kimya.

Yetu tumeikunja ndani ya kadi yake ya kliniki. Juzi mama aliomba kalamu, akachora duara lingine pembeni ya lake, dada yake ambaye sisi watoto hatukuwahi kusikia hata jina lake, akalijaza wino mwenyewe.