Kukadiria idadi ya wanyama wa porini kwa robo kilo ya maharage

Pimbi wa kwenye mawe ya Kisiwa cha Saanane, kilichoko Ziwa Victoria jijini Mwanza, hawahesabiki mmoja mmoja: huyu anaingia mwambani, yule anachomoza, na wote wanafanana. Kwa wanyama wa namna hiyo wanasayansi hukamata baadhi, huwatia alama na kuwaachia, kisha hukamata tena na kuangalia wenye alama ni wangapi. Mwanafunzi wa sekondari huielewa njia hii ndani ya kipindi kimoja akiifanya kwa mikono yake.

Nunua sokoni robo kilo ya maharage ya njano na punje kama 100 za maharage mekundu ya ukubwa uleule. Tafuta pia mfuko wa kitambaa usioonyesha ndani na kikombe kidogo. Usitumie choroko badala ya maharage mekundu. Mfuko ukitikiswa, punje ndogo hupenya na kushuka chini, kubwa zikabaki juu, na mchoto wako utapendelea upande mmoja.

Hatua ya 1. Mimina maharage ya njano mfukoni bila kuyahesabu. Mwanafunzi aandike makisio yake daftarini.

Hatua ya 2. Achote punje na kuzihesabu. Tuseme ni 80. Aziweke kando, arudishe nyekundu 80 mahali pake. Hao ndio wanyama wenye alama.

Hatua ya 3. Achanganye dakika nzima, akigeuza mfuko juu chini. Wengi huharakisha hapa. Nyekundu zikibaki juu, mchoto wa pili utazipata nyingi mno na kadirio litakuwa dogo kuliko ukweli.

Hatua ya 4. Achote tena bila kuchungulia. Tuseme amepata punje 75, na nyekundu ni 12.

Hatua ya 5. Kabla ya kumpa kanuni, muulize: nyekundu ni sehemu gani ya mchoto? Ni 12 kati ya 75, yaani asilimia 16. Kama mfuko umechanganyika vizuri, basi zile nyekundu 80 nazo ni asilimia 16 ya punje zote. Kwa hiyo 80 × 75 ÷ 12 = 500. Akifika hapo mwenyewe, hataisahau. Kanuni hii ina majina ya Petersen, aliyechunguza samaki Denmark, na Lincoln, aliyekadiria bata wa Marekani mwaka 1930. Wenye alama wakiwa wachache kwenye mchoto wa pili, kanuni hii hutia chumvi, ndiyo maana watafiti hutumia marekebisho ya Chapman, yaani kuongeza 1 kwa kila namba na kutoa 1 mwishoni: (81 × 76 ÷ 13) − 1, karibu 473.

Hatua ya 6. Arudishe punje, achanganye, achote mara 10, aandike kila jibu, ndipo ahesabu mfuko mzima. Kisha arudie kwa alama 20 na mchoto wa 20. Akipata nyekundu 1, jibu ni 400. Akipata 2, ni 200. Asipopata hata moja, hakuna jibu. Punje moja tu imekata idadi nusu! Hapo ataona kwa nini watafiti hupambana kukamata wanyama wengi.

Sasa mharibie. Mfuko ukiwa na punje 500, nyekundu zikiwa 80 tena, toa nyekundu 20 kwa siri na kuweka njano 20. Ni sawa na alama zilizofutika. Mchoto wa 75 utampa nyekundu kama 9, naye akiendelea kutumia 80 atapata karibu 667. Mnyama anayeukwepa mtego baada ya kukamatwa mara ya kwanza huleta kosa lilelile. Anayerudi kwa kupenda chambo hupunguza kadirio.

Nyumbu wa Serengeti hawahesabiwi kwa alama. Hupigwa picha kutoka kwenye ndege, kwa vipande vya eneo, na hesabu hukuzwa kwa eneo zima.

Kwa mazoezi ya nje, tumia konokono wa bustanini wakati wa mvua. Kamwe msiingie ziwani kuokota konokono: maji ya ufukweni yanaweza kuwa na vimelea vya kichocho. Weka nukta ya rangi ya kucha upande wa chini wa gamba, ndege wasiione, iache ikauke, na mrudishe kila konokono alipookotwa. Rudini baada ya siku 2, saa ileile, mkitafuta bustani nzima. Mkipata wenye alama chini ya 7, endeleeni kuokota kabla ya kupiga hesabu.