Somo: Gemu ya nchi gani, akaunti ya nchi gani, na bei yake halisi

Wakuu, kila wiki ni maswali mawili yaleyale: "Nimenunua CD mjini, mbona nyongeza zake hazionekani?" na "Nasikia Uturuki gemu ni bei chee, naingiaje?" Naandika mara moja, halafu atakayeuliza tena naye nitamwelekeza hapa.

Kuhusu bei kupanda, kwa kifupi. Tangu enzi za mashine za PS3 (PlayStation 3 ya Sony) na Xbox 360, gemu kubwa mpya ilikuwa dola 59.99 Marekani. PS5 ilipotoka mwaka 2020 ikawa 69.99. Mwaka 2025 Nintendo wakaiweka gemu yao ya Mario Kart World dola 79.99. Zamani mashine ilishuka bei kadiri inavyozeeka, siku hizi inapanda: PS5 yenye sehemu ya CD ilianza kwa dola 499.99 Novemba 2020, na Agosti 2025 ikafikishwa 549.99 hukohuko Marekani. Kwa hiyo muuzaji akisema "imepanda", huenda hakupigi. Muulize tu imepanda lini na kwa kiasi gani.

Hatua ya 1. Jua nchi yako imo au haimo. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi za PSN, yaani mtandao wa Sony wenye akaunti na duka la gemu za PlayStation. Afrika Kusini, Oman na Falme za Kiarabu zimo. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inafanya kazi kwetu, ila bei ni za dola kwa sababu haina shilingi.

Hatua ya 2. Amua nchi ya akaunti ya PSN kabla hujanunua chochote. Ukishaifungua, nchi haibadilishwi tena. Masharti ya Sony yanataka uchague nchi unayoishi, na kwa vile yetu haimo, watu hufungua ya Marekani, Uingereza au Falme. Hatari ni yako, uijue mapema.

Hatua ya 3. Linganisha CD na akaunti. Hapa ndipo hela nyingi zinapotea, zangu zikiwemo, kwa hiyo soma polepole. CD za PS4 na PS5 zinacheza kwenye mashine ya nchi yoyote, na ndiyo maana watu hudhani mambo yameisha. Hayajaisha. Nyongeza zinazonunuliwa kwenye duka la mtandaoni, yaani ramani mpya, wahusika, pointi za FC (gemu ya mpira ya EA), hata kupandisha gemu ya PS4 iwe ya PS5, zimefungwa kwenye toleo la CD. CD ya kundi la Ulaya na akaunti ya Marekani: utalipa, salio litakatwa, nyongeza itashuka, na gemu haitaiona. Duka halikuzuii kulipa. Kurudishiwa hela ukishapakua ni vita.

Namna ya kukagua: angalia mgongo wa kasha au CD yenyewe. Kuna CUSA kwa PS4 au PPSA kwa PS5, ikifuatiwa na tarakimu tano. Fungua ukurasa wa nyongeza unayoitaka kwenye duka la akaunti yako kupitia kivinjari, tazama anwani juu: utaona UP kwa Marekani au EP kwa Ulaya, kisha CUSA au PPSA na tarakimu zake. Tarakimu tano zikifanana na za CD, uko salama. Zikitofautiana hata moja, funga ukurasa. Kama kasha limepotea na CD imechakaa usione maandishi, usinunue nyongeza kabisa.

Alama za umri nazo husaidia: ESRB yenye herufi ni ya Marekani, PEGI yenye namba ni ya Ulaya, CERO ni ya Japani. CD zinazokuja na mizigo ya Dubai mara nyingi ni za PEGI au zina alama za Kiarabu. Ukiwa na akaunti ya Marekani na rafu nzima ya CD za Dubai, cheza tu, ila nyongeza zisahau. Tena kwa PS4, hata mchezo uliouhifadhi unafuata CUSA: ukibadilisha CD ya Ulaya kwa ya Marekani unaanza upya.

Hatua ya 4. Vocha, yaani namba za kujazia salio la akaunti ya PSN. Vocha ya dola haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na ya pauni haiingii kwenye ya Marekani. Halafu kuna kodi ya jimbo. Gemu ni 69.99, umenunua vocha ya 50 na ya 25, unajiona una 75 na chenji itabaki. Anwani ya akaunti ikiwa kwenye jimbo lenye kodi ya asilimia 8, jumla ni 75.59. Umepungukiwa senti 59, na sasa unatafuta vocha nyingine ya dola 10. Fika hadi ukurasa wa mwisho wa malipo uone jumla, rudi, ndipo ununue vocha.

Hatua ya 5. Steam. Tumia kadi ya mtandaoni ya Visa au Mastercard unayotengeneza kwenye pesa ya simu. Weka salio lizidi bei kidogo, kuna makato ya kubadilisha fedha.

Hatua ya 6. Piga hesabu kwa shilingi. Tuseme benki dola ni 2,500, na muuza vocha anakuhesabia 2,800. Vocha za dola 75 ni 210,000, wakati benki ingekuwa 187,500. Ongeza bando la kupakua GB 100. Hapo ndipo ulinganishe na CD ya mkononi.

MASWALI

kipa_namba_moja: Mkuu nina CD ya Dubai, akaunti ya US, nimenunua pointi za FC hazionekani. Nifanyeje?

Mwandishi: Hatua ya 3.

kipa_namba_moja: Nimesoma lakini ni ndefu. Hela inarudi?

Mwandishi: Kama hujapakua na hazijapita siku 14, omba warudishe. Kama umepakua, tafuta CD ya toleo la Marekani ya gemu hiyohiyo, pointi zako zitaonekana kwa akaunti ileile. Urefu wake ni aya tatu, kaka.

pwani_ya_kusini: Shukrani kwa somo. Natamani kuelewa, kwa nini Uturuki na Argentina ndizo zilizotajwa sana, na je bado zinafaa?

Mwandishi: Swali zuri. Bei huko ziliwekwa kwa lira na peso, kulingana na kipato cha wenyeji. Sarafu zikaporomoka, bei zikachelewa kurekebishwa, kwa hiyo mtu mwenye dola alikuwa ananunua gemu kwa bei ya kuku. Watu wa nje wakamiminika, wachapishaji wakapandisha, aliyeumia ni Mturuki mwenyewe. Novemba 2023 Steam wakaondoa lira na peso, wakaweka bei maalumu za dola kwa kanda hizo. Bado mara nyingi ni chini ya bei yetu, kama mchapishaji ameamua kuweka. Linganisha kwenye tovuti ya SteamDB, inaonyesha gemu moja kwa kanda zote. Ila kununua kwa bei ya kule unahitaji njia ya malipo ya kule.

mzee_wa_njia_za_mkato: Mnajisumbua. Washa VPN (programu ya kuficha nchi uliyopo), badilisha nchi, nunua. Kwisha.

Mwandishi: Masharti ya Steam yanakataza VPN kwa kuficha ulipo, na nchi haibadilishwi zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu. Akaunti ikifungiwa na gemu zako 80 ndani, utakuja hapa kuuliza na nitakuonyesha jibu hili.

binti_muscat: Assalaam aleykum. Mimi niko Oman, mdogo wangu yuko Unguja. Naona bei zangu za Steam ni nafuu kuliko zake. Naweza kumtumia gemu kama zawadi?

Mwandishi: Waaleykum salaam dada. Oman imo kwenye kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, ndiyo maana. Zawadi Steam wataikataa kama tofauti ya bei kati ya nchi mbili ni kubwa, watakwambia kabla ya kulipa. Jaribu kwa gemu ambazo bei ni sawa au karibu sawa. Zisipopita, mtumie hela, asubiri punguzo la mwishoni mwa Juni au la Desemba. Na kwa PSN wewe fungua ya Oman, nchi yako imo.

kijana_wa_kilimani: Kuna jamaa anatoka Japani, Switch 2 (mashine ya Nintendo) kule ilitoka 2025 kwa yeni 49,980. Nimwagize?

Mwandishi: Hapana! Hiyo ina lugha ya Kijapani tu na inakubali akaunti za Japani tu. Yenye lugha nyingi kule ilitoka kwa yeni 69,980. Sony nao walitoa PS5 ya namna hiyo Novemba 2025, isiyo na sehemu ya CD, yeni 55,000. Na toka Machi 2025 duka la Nintendo la Japani halipokei kadi za nje.

fundi_padi: Naongezea. CD ya mkononi unaiuza ukimaliza, ya kupakua huiuzi. Lakini usidhani CD inaokoa bando kila mara: gemu ya Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 kwenye PS5 ilikuwa na takribani MB 70 tu ndani, zingine zote unapakua. Switch 2 nako kuna kadi za gemu ambazo ni ufunguo tu wa kupakua, kasha limeandikwa.

Mwandishi: Asante fundi. Na msinunue CD ya mtumba kwa kufuata karatasi ya namba za siri (code) za nyongeza iliyomo kwenye kasha, mwenye nayo wa kwanza ameshaitumia.

kipa_namba_moja: CD ya Marekani nimeipata. PPSA ni ileile ya duka. Niichukue?

Mwandishi: Chukua. Ila geuza upande wa chini kwenye mwanga kwanza, mikwaruzo ya duara ni mibaya kuliko ya kunyooka kutoka katikati.