Somo: kuingiza ala za plagini kwenye FL Studio, na kwa nini piano hupotea mradi ukihamia studio nyingine

Kazi nyingi za kwaya na bongo fleva huku kwetu hupita kwenye kompyuta zaidi ya moja. Biti inaanzia kwenye laptop ya mtu kule Mafinga, sauti zinarekodiwa Iringa mjini, miksi inamalizikia Mbeya. Mradi ukifunguliwa huko mwisho, piano haipo. Sababu ni moja: faili la mradi wa FL Studio (programu ya kutengeneza muziki) halibebi ala. Linabeba noti, jina la plagini (programu ndogo ya ala inayofanya kazi ndani ya FL Studio) na namna ulivyoiweka, basi. Injini yenyewe ya plagini na sampuli zake (sauti zilizorekodiwa inazozipiga) hubaki kwenye kompyuta ulikozisakinisha. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata zitakuwa na maana.

Hatua ya 1: Chagua aina sahihi

VST ni mfumo wa plagini wa kampuni ya Steinberg, ulioanza mwaka 1996 ndani ya Cubase, programu yake ya muziki. Toleo la pili, la 1999, ndilo lililowezesha ala kupigwa kwa MIDI (ujumbe wa noti, siyo sauti yenyewe) ndani ya programu, na VST3 ikafuata 2008. Kwa sasa pakua VST3 ya biti 64 (biti ya kompyuta, siyo biti ya ngoma). Plagini ya biti 32 kwenye FL Studio ya biti 64 hupitishwa kwenye daraja (programu ya katikati ya kuziunganisha), inakula kumbukumbu zaidi na huanguka mara nyingi. Cubase iliacha kabisa kuzipokea kuanzia toleo la 9.

Kama unaanza na huna hela ya kununua, Surge XT na Dexed ni za bure na hazidai akaunti. Dexed inaiga Yamaha DX7, kinanda cha umeme cha zamani, kwa hiyo zile piano za umeme na kengele za nyimbo za injili za zamani zimo humo. Sforzando ni ya kupigia sampuli za SFZ (faili la maandishi linaloeleza sampuli ipi ilie kwa noti ipi), nayo ni bure. Kontakt Player, ya kupigia maktaba (mikusanyo ya sampuli), ni bure pia, ila husakinishwa kupitia programu ya Native Access na inahitaji akaunti na intaneti. Angalia sana: maktaba iliyotengenezwa kwa Kontakt kamili, ukiifungua kwenye Player, hulia dakika 15 halafu inanyamaza. Soma mahitaji yake kabla ya kumaliza bando.

Plagini za wizi ziacheni. Zinaingiza virusi, na zikigoma, kazi ya mteja inagoma nazo.

Hatua ya 2: Sakinisha, lakini tenganisha vitu viwili

Funga FL Studio kwanza. Plagini yenyewe iache iende inakotaka: C:\Program Files\Common Files\VST3. Usiihamishe kutoka hapo, kwa sababu programu zote hutazama folda hiyo.

Sampuli ndizo za kuamua mwenyewe. Tengeneza folda moja, mfano D:\Sampuli, na kila maktaba iingie humo. Usiibadilishe jina tena. Plagini hukumbuka njia nzima ya faili, herufi ya diski ikiwemo. Diski ya nje iliyokuwa E: ikigeuka F:, ala itafunguka bila sauti. Kwenye Windows fungua Disk Management, uipe diski hiyo herufi ya kudumu iliyo mbali, kama S:.

Hatua ya 3: Skani

Nenda Options > Manage plugins, weka alama kwenye "Verify plugins", kisha bonyeza "Find installed plugins". Plagini mpya zikionekana, weka nyota kwenye zile utakazotumia, ili zijitokeze ukibonyeza alama ya kujumlisha chini ya Channel Rack (orodha ya ala za mradi). Wanaotumia Reaper (programu nyingine ya muziki): Options > Preferences > Plug-ins > VST, kisha Re-scan.

Kila ala ipeleke kwenye njia yake ya miksa tangu mwanzo. Msiruke hili, hatua ya 5 inalitegemea.

Hatua ya 4: Bafa

Options > Audio settings, chagua dereva wa ASIO (aina ya dereva inayopunguza kuchelewa kwa sauti) wa kadi yako ya sauti. Kama huna kadi, FL Studio ASIO inatosha kuanzia. Bafa ni kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukitoa; ikiwa kubwa, sauti huchelewa. Hesabu ni rahisi: sampuli za bafa (hapa ni vipimo vya sauti, siyo rekodi za ala) gawanya kwa 44,100, idadi ya vipimo kwa sekunde. Bafa ya 256 ni kama milisekunde 5.8, 512 ni 11.6, 1,024 ni 23.2. Mpiga kinanda atumie 256, au 512 kama laptop ni dhaifu. Ukifika kwenye miksi panda hadi 1,024, maana hapo hakuna vidole vinavyosubiri sauti.

Sauti ikikwaruza, tazama kwanza waya wa umeme kabla ya kulaumu plagini. Umeme ukikatika na laptop ikabaki kwenye betri, Windows hupunguza kasi ya prosesa, na mradi uliokuwa unakwenda vizuri dakika moja iliyopita unaanza kukatakata. Pandisha bafa na uweke mpangilio wa nguvu kwenye utendaji wa juu.

Hatua ya 5: Geuza kuwa WAV (faili la sauti la kawaida) kabla ya kuondoka

File > Export > Wave file, chagua biti 24, weka alama "Split mixer tracks", na kwenye "Tail" chagua "Leave remainder" ili mwangwi usikatwe mwishoni. Kila njia ya miksa inatoka kama faili lake. Stereo ya biti 24 kwa 44,100 ni kama MB 16 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye njia 12 za miksa ni kama MB 762. Flashi ya GB 8 inabeba kazi kadhaa.

Wengi hutegemea "Zipped loop package". Hiyo inakusanya sampuli zilizo kwenye chaneli za FL yenyewe, haikusanyi maktaba ya plagini. Ukitaka kupeleka noti pia, hifadhi mradi kwa jina jipya kwanza, ndipo utumie Tools > Macros > Prepare for MIDI export. Makro hiyo inaondoa ala zako na kuweka chaneli za MIDI mahali pake. Ukihifadhi juu ya mradi wa awali umepoteza kazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Makambako: Kamwene mkuu. Nimesakinisha, folda naiona, ila kwenye orodha haipo.

Jibu: Kamwene. Inawezekana ilishindwa mara ya kwanza, na FL ikaiwekea alama ya kosa. Rudi Manage plugins, weka alama "Rescan plugins with errors", skani tena. Ikigoma, tazama kama programu ya kuzuia virusi imelifungia faili lake, au kama Windows inakosa Visual C++ Redistributable ya x64.

Tukuyu: Mwalimu, maelekezo ya maktaba ya vayolini yanasema bonyeza C0 kubadili mtindo wa kupiga. Nabonyeza, hakuna kinachobadilika.

Jibu: Majina ya oktavu hayafanani. Noti namba 60 ya MIDI, FL huiita C5, Reaper C4, na Yamaha C3. Kama maktaba imefuata hesabu ya Yamaha, C0 yao ni namba 24, ambayo kwenye FL ni C2. Fuateni namba, majina yatawapoteza.

Mwanjelwa: Kaka, ngoma zetu za huku sizioni kwenye maktaba yoyote. Nikizirekodi mwenyewe naweza kuzipiga kwa kinanda?

Jibu: Unaweza, na ningependa wengi wafanye hivyo. Rekodi mapigo laini matatu na makali matatu, kata kila moja pale pigo linapoanza kabisa. Ukiacha kimya hata kidogo mbele, ngoma itachelewa kila ukipiga. Weka WAV na faili la maandishi kwenye folda moja, lipe jina ngoma.sfz, uandike:

<region> sample=laini1.wav key=36 lovel=1 hivel=70 seq_length=3 seq_position=1 loop_mode=one_shot amp_veltrack=40

Rudia mstari kwa laini2 na laini3 ukibadilisha seq_position kuwa 2 na 3. Kisha mapigo makali, lovel=71 hivel=127. Key ni namba ya noti ya MIDI, lovel na hivel ni mipaka ya nguvu ya kubonyeza, na seq_position ni zamu ya sampuli. Buruta faili kwenye sforzando. Zamu hizo tatu ndizo zinazozuia ngoma isisikike kama mashine. Amp_veltrack isipopunguzwa, pigo laini linapunguzwa mara mbili: limerekodiwa kwa sauti ndogo, na sforzando inalishusha tena kwa sababu umebonyeza taratibu. Matokeo yake halisikiki. Anza na 40, halafu sikiliza.

Mwanjelwa: Na nikimpelekea mtu wa miksi?

Jibu: Hapa una bahati, sampuli ni zako. Mpe folda nzima pamoja na WAV za hatua ya 5. Ndani ya faili la SFZ njia za sampuli zinahesabiwa kuanzia faili lenyewe liliko, kwa hiyo akiburuta ngoma.sfz kutoka kwenye folda hiyo italia kwake kama kwako, hata diski yake ikiwa na herufi nyingine.