Kukuza Mawaridi Yanayostahimili Magonjwa Katika Bustani ya Umma Bila Dawa za Viwandani

Katika bustani ambamo watoto hushika maua na wageni huinama kuyanusa, dawa ya ukungu haistahili kuwapo; kwa hiyo kazi kubwa zaidi hufanyika kabla shimo halijachimbwa, nayo ni kuchagua aina ya waridi isiyoihitaji. Nchini Ujerumani yapo majaribio ya ADR, ambamo mawaridi mapya hukuzwa kwa miaka kadhaa bila kunyunyiziwa dawa, na alama hupewa yale tu yaliyobaki na afya njema. Marekani nayo ilipata Knock Out, waridi lililozalishwa na William Radler na kuingia sokoni mwaka 2000, ambalo lilisifika kwa kustahimili madoa meusi, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani. Hata hivyo, vimelea vya ugonjwa huo ni vya aina nyingi, na waridi linalostawi mahali pamoja laweza kupukutisha majani penginepo. Ni busara kujaribu miche michache kabla ya kujaza tuta zima.

Mbegu za ukungu wa madoa meusi huhitaji jani lililolowa mfululizo kwa saa 7 hivi ili ziote, kwa hiyo mwagilia shinani kwa mfumo wa matone, au asubuhi ili jua likaushe majani mapema. Ubwiriunga, yaani ukungu mweupe kama unga, hautegemei majani yaliyolowa: huo hupenda hewa yenye unyevu iliyotuama, na tiba yake ni kupanda kwa nafasi inayolingana na upana wa mmea uliokomaa, kisha kupogolea matawi yanayosongamana katikati.

Chagua mahali penye jua la saa 6 au zaidi, na udongo usiotuamisha maji wenye pH (kipimo cha uchachu) ya 6 hadi 6.5. Mboji inatosha kuwa chakula. Naitrojeni ikizidi, machipukizi huwa laini na kuvutia vidukari. Hao waondoe asubuhi kwa maji ya kasi, nao mbawakawa wadogo wenye madoa wanaowala waachwe. Matandazo ya sentimita 5 hadi 8 huzuia matone ya mvua yasirushe vimelea kutoka ardhini, ila majani yaliyougua yaokotwe kwanza.

Waridi linalougua vibaya kila msimu ling'olewe bila huruma. Usipande jingine papo hapo kabla ya kubadilisha udongo wa shimo, kwa sababu mawaridi mapya mara nyingi hudumaa katika udongo uliokaliwa na mengine kwa muda mrefu.