Jinsi ya Kupanga Malezi ya Pamoja na Matunzo ya Mtoto Baada ya Kutengana

Wazazi wanapotengana hukabiliwa na maswali mawili: mtoto atalala kwa nani siku zipi, na nani atalipa nini. Mikataba mingi ya malezi huharibika kwa sababu maswali haya hujibiwa kwa pamoja, kana kwamba usiku mmoja wa mtoto ni bidhaa ya kubadilishana na fedha. Mzazi mmoja hudai siku nyingi ili alipe kidogo, mwingine hukataa kuongeza hata usiku mmoja asije akapunguziwa matunzo, na mtoto huvutwa huku na huku. Mwongozo huu unafuata utaratibu mwingine: anzeni na ratiba ya mtoto, muimalize, ndipo mfungue daftari la hesabu.

Liko jambo linalotangulia hata ratiba, nalo ni usalama. Palipokuwa na kipigo, vitisho au mzazi mmoja kumtawala mwenzake kwa hofu, mazungumzo ya ana kwa ana hayafai, na msuluhishi makini atakataa kuyaendesha. Katika hali hiyo omba kwanza amri ya ulinzi mahakamani, na suala la malezi liamuliwe na hakimu. Hata sheria zinazopendelea sana usawa hulitambua hili. Jimbo la Kentucky, ambalo mwaka 2018 lilikuwa la kwanza nchini Marekani kuweka dhana ya kisheria (yaani jambo ambalo mahakama hulichukua kuwa kweli hadi lithibitishwe vinginevyo) kwamba kugawana muda sawa kwa sawa kunamfaa mtoto, liliiondoa dhana hiyo pale ambapo kuna amri ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani.

Ikiwa usalama upo, tenganisheni mamlaka ya kuamua na muda wa kukaa na mtoto. Kuamua ni kuhusu shule, matibabu makubwa, dini na safari za nje ya nchi. Muda ni usiku ngapi mtoto yuko kwa nani. Wazazi wanaweza kuamua kwa pamoja ingawa mtoto analala kwa mmoja wao siku nyingi zaidi. Australia ililipa gharama ya kutoliweka wazi jambo hili: sheria yake ya mwaka 2006 iliweka dhana ya wajibu sawa wa wazazi katika maamuzi, wazazi wengi wakaielewa kuwa ni haki ya kupata nusu ya muda, na wengine wakaingia katika makubaliano yasiyowafaa watoto wao. Bunge liliifuta dhana hiyo mwaka 2023, na mabadiliko yakaanza kutumika Mei 2024. Kwa hiyo, katika mkataba wenu andikeni sehemu mbili tofauti, na katika sehemu ya maamuzi mtaje mambo yanayohitaji ridhaa ya wote wawili, muda wa kujibu ujumbe wa mwenzako, na msuluhishi mtakayemwendea mkishindwa kukubaliana.

Sasa ratiba. Chukueni karatasi yenye wiki mbili, siku kumi na nne, mjaze kwanza mambo ya mtoto: saa za shule, masomo ya ziada, michezo, kliniki. Kisha wekeni zamu za kazi za kila mzazi. Mkishafanya hivyo, usiku mwingi utakuwa umejipanga wenyewe, kwa kuwa mzazi anayeingia kazini saa kumi na moja alfajiri hawezi kumwandaa mtoto kwenda shule asubuhi hiyo, hata angempenda namna gani. Kwa wanaotaka kugawana sawa na wanaoishi karibu na shule, mpangilio mmoja unaofanya kazi vizuri ni huu: Jumatatu na Jumanne usiku mtoto yuko kwa mama, Jumatano na Alhamisi yuko kwa baba, na usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili hupokezana wiki kwa wiki. Katika wiki mbili kila mmoja anapata usiku saba, na siku za katikati ya wiki hazibadiliki, hivyo mtoto mwenyewe anajua kuwa Jumanne ni kwa mama. Mtoto mdogo sana huhitaji vipindi vifupi na kuonana mara kwa mara. Kijana wa sekondari aghalabu hupendelea wiki nzima sehemu moja ili asibebe madaftari kila baada ya siku mbili. Muulizeni. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 kinampa haki ya kutoa maoni yake, lakini msimtwike mzigo wa kuchagua kati yenu.

Makabidhiano yafanyike shuleni kila inapowezekana: mmoja anampeleka asubuhi, mwingine anamchukua jioni. Mtoto hasimami mlangoni akiwatazama wazazi wake wakipimana kwa macho.

Ratiba ikishakamilika, fanyeni hesabu. Njia inayotumiwa na majimbo mengi ya Marekani huanza na kipato cha wazazi wote wawili, ikikadiria kiasi ambacho kingetumika kwa mtoto kama wangekuwa bado wanaishi pamoja. Tuseme baba anapata 600 kwa mwezi na mama 400, kwa fedha yoyote ile, na gharama za mtoto ni 300. Sehemu ya baba ni asilimia 60, yaani 180, na ya mama ni asilimia 40, yaani 120. Mtoto akiishi zaidi kwa mama, baba humpelekea mama 180. Akiishi nusu kwa nusu, majimbo kadhaa huzidisha gharama kwa 1.5, kwa sababu nyumba mbili zinahitaji vitanda viwili na vyumba viwili. Gharama inakuwa 450: ya baba 270, ya mama 180. Kwa kuwa mtoto yuko kwa mwenzake nusu ya muda, kila mmoja anadaiwa na mwenzake nusu ya sehemu yake, yaani baba 135 na mama 90, na tofauti yake ni 45, ambayo baba humlipa mama kila mwezi. Ihakikini: kila nyumba inatumia 225, baba akiongeza 45 ametoa 270, na mama akipokea 45 amebakiwa na gharama ya 180. Kugawana muda sawa, basi, hakufuti matunzo pale ambapo vipato vinatofautiana.

Hesabu hiyo ina udhaifu ambao ningependa kila mzazi auone kabla ya kutia saini. Idadi ya usiku hupima chakula na paa, haipimi viatu. Ikiwa mama ndiye anayenunua sare, anayelipa ada na anayempeleka mtoto kwa daktari wa meno, zile 45 hazimfidii, hata kama mtoto analala kwa baba nusu ya mwezi. Dawa yake ni kutoa gharama za aina hiyo nje ya kanuni: ada, matibabu, sare na nauli ya shule viorodheshwe kwa majina, kila kimoja kilipwe kwa uwiano wa kipato, katika mfano wetu 60 kwa 40, na risiti zipigwe picha na kutumwa ndani ya siku mlizokubaliana. Mwenye biashara yake asitaje kipato kwa mdomo. Alete taarifa za benki na za miamala ya simu za mwaka mzima, kwa maana kipato cha biashara hupanda na kushuka, na mwezi mmoja unaweza kudanganya.

Lipeni kwa njia inayoacha kumbukumbu, kamwe si kwa kumpa mtoto bahasha. Wekeni kifungu cha kupitia kiasi hicho upya kila mwaka, au mapema zaidi kipato cha mmoja kikibadilika sana. Ukipoteza kazi, wasilisha ombi la kupunguziwa wiki hiyohiyo. Nchini Marekani, marekebisho ya sheria ya mwaka 1986 yanayoitwa Bradley yanazuia mahakama kupunguza deni lililokwisha kulimbikizwa kabla ya ombi kuwasilishwa na mwenzako kujulishwa. Anayengoja miezi sita hubaki na malimbikizo ya miezi sita. Wala usimnyime mwenzako mtoto kwa kuwa hajalipa, wala usiache kulipa kwa kuwa umenyimwa mtoto. Kila kosa lina dawa yake mahakamani, na wewe ukijichukulia hatua unageuka kuwa mkosaji. Mzazi mwenzako akiwa ng'ambo, uliza kama nchi zote mbili zimejiunga na Mkataba wa The Hague wa mwaka 2007 kuhusu ukusanyaji wa matunzo ya mtoto kimataifa, kwa sababu kupitia huo mamlaka za nchi moja hufikisha madai kwa mamlaka za nchi nyingine.

Huenda mkafanya yote haya vyema na bado sheria ikawasukuma kugombea usiku. Nchini Uingereza, matunzo hayapungui mtoto akilala kwa mlipaji usiku 51 kwa mwaka. Ukifika usiku wa 52 hupungua kwa sehemu moja ya saba. Kutoka usiku wa 174 hadi wa 175, punguzo huruka kutoka sehemu tatu za saba hadi nusu. Ngazi za namna hii huufanya usiku mmoja uwe na thamani ya mwaka mzima, na hapo ndipo mageuzi yanapohitajika zaidi, kuliko katika mabishano ya nani anapendelewa kati ya akina baba na akina mama. Iwapo nchi yenu inakusanya maoni kuhusu sheria ya matunzo, pendekezeni punguzo linaloongezeka kidogo kidogo kwa kila usiku, orodha ya gharama zisizopimwa kwa usiku, na muda maalumu wa kupitia viwango. Majimbo ya Marekani yanalazimika kupitia viwango vyao kila baada ya miaka minne. Pendekezeni pia serikali imtangulizie fedha mzazi anayekaa na mtoto kisha imdai mwenye kuchelewa, kama zinavyofanya Sweden na Ujerumani.

Maoni hayo yaandikwe yakitaja kifungu husika, yakifuatwa na hesabu ya familia moja kabla na baada ya mabadiliko mnayoyataka, pamoja na maneno kamili ambayo mngependa yaingie katika sheria. Majina ya watoto na ya shule zao yaondolewe kabla ya kuyawasilisha.