Kumzoesha Mbwa Mlio wa Bodaboda

Juzi nilimwona jamaa anamburuta mbwa wake kwa mnyororo kando ya barabara. Kila bodaboda ikipita, mbwa anajibana chini, kucha zinakwaruza lami, naye jamaa anavuta: "Atazoea tu." Kwa njia ile hatazoea. Kazi yangu ni kufundisha mbwa, na wengi wanaoletwa kwangu wakiwa waoga au wakali walianza na hiyo "atazoea tu".

Kushtuka mbwa amezaliwa nako. Mlio mkali wa ghafla ukimfika, mwili unajibu kabla hajatambua ni nini: masikio yanalala, mkia unaingia katikati ya miguu, moyo unaenda mbio. Usimchape kwa hilo, si ukaidi. Anachojifunza ni kile kinachofuata baada ya mshtuko. Bodaboda zikipita naye ametulia, anazizoea. Zikipita naye kabanwa hana pa kukimbilia, kila mlio unamwongezea hofu.

Hatua ya 1: Andaa vifaa. Chemsha maini, kata vipande vidogo kama punje za mahindi. Tumia kamba ya mita 2 au 3, mnyororo uache nyumbani. Mbwa asiwe ametoka kula.

Hatua ya 2: Tafuta umbali wake. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Simama mbali na barabara, mahali ambapo mbwa anausikia mlio, anageuka kutazama, kisha anarudisha macho kwako. Huo ndio umbali wa kuanzia, hata kama ni mita 50. Mwangalie usoni: akijilamba midomo wakati hajala kitu, akipiga miayo bila usingizi, au weupe wa jicho ukitokeza pembeni, umemsogeza mno. Mbwa mwenye njaa akikataa maini, amezidiwa. Rudi nyuma naye mpaka apokee.

Hatua ya 3: Mlio kwanza, maini baadaye. Subiri pikipiki isikike, mbwa aigeukie, ndipo umpe kipande. Ikishapita, mkono wako utulie. Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, alionyesha zamani kwamba mbwa hudondokwa na mate kwa ishara inayotangulia chakula, na ndilo tunalolitaka hapa: mlio uwe habari njema. Ukigeuza mpangilio, maini ndiyo yanakuwa onyo. Mimi niliwahi kukosea hivyo, mbwa akaanza kurudi nyuma kila nikitia mkono mfukoni, na ilinichukua majuma kurekebisha.

Hatua ya 4: Sogea kidogo kidogo. Dakika 5 hadi 10 kwa siku zinatosha. Anza na pikipiki iliyozimwa, aizunguke na kuinusa mwenyewe. Kisha iwashwe akiwa mbali. Mwisho kabisa, ipite. Ongea na kijana wa kijiweni akusaidie kuwasha na kuzima, na umlipe muda wake. Jike mmoja niliyemfundisha alikaa siku 4 bila kuvuka mti mmoja wa mwarobaini. Siku ya 5 alinyoosha shingo, akanusa tairi la nyuma, akapiga chafya, kisha akakaa kitako akinitazama mfuko. Sikumsukuma hata mara moja.

Akishtuka, mpapase na umwite kwa sauti ya chini kama mwenyewe anakuja kwako. Wapo wanaosema kumbembeleza kunamfundisha woga, nami siafikiani nao kabisa: hofu haiongezeki kwa sababu mbwa amepata pa kujificha.

Kwa mwenye mtoto wa mbwa kazi ni nyepesi zaidi. Kati ya wiki ya 3 na takribani ya 14 ubongo wake hupokea mambo mapya kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote. Kama hajamaliza chanjo, usimweke chini barabarani. Mpakate au mtie kikapuni, mkae barazani asikie pikipiki, watoto wakicheza, mvua kwenye bati.

Mbwa mtulivu akibadilika ghafla, usianze mafunzo. Mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo, kwani huenda ana maumivu au ugonjwa. Na ukimpumzisha wiki mbili kisha hofu ikarudi, usikasirike. Rudi kwenye umbali wa nyuma, toa maini, anza tena. Mara ya pili huwa anaendelea upesi zaidi.