Majani ya Mkungu kwa Kutia Rangi Kitambaa cha Kukunja

Kwa wanaotia nguo rangi za mimea huku Tanga, majani makavu ya mti wa mkungu yanayofagiwa uani kila asubuhi yana tanini (kemikali ya mimea inayoshika kitambaani) ya kutosha kukipa kitambaa rangi ya hudhurungi hafifu, bila haja ya kubandua magome ya mikandaa, jambo ambalo huweza kuuua mti. Chemsha majani yenye uzito sawa na wa kitambaa kwa moto mdogo kwa saa moja, kisha uyachuje.

Marekani mpya, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ifuliwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni hadi wanga wa kiwandani utoke, kwa kuwa penye wanga rangi haishiki sawasawa. Iloweke katika maji hayo ya majani usiku kucha, uikamue, kisha uikunje pembetatu juu ya pembetatu kama sambusa na kuibana baina ya vibao viwili kwa kamba iliyokazwa, kama wafanyavyo Wajapani katika shibori, ufundi wao wa kutia rangi kitambaa kilichokunjwa au kufungwa. Chovya kingo kwa dakika chache katika maji ya kutu, yaani siki iliyolowekwa misumari kisha ikazimuliwa kwa maji, nazo zitageuka kijivu kizito papo hapo, ilhali palipobanwa patabaki na hudhurungi yake. Suuza mara moja, kwani chuma kikizidi hudhoofisha nyuzi.

Karatasi nayo hukubali, mradi iwe nene na ikunjuliwe ikishaanza kukauka.